Shingo ya gitaa la solo: mepli, rozwudi, au nimwambie fundi aweke mpingo?

SoloLaPili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijaharibu kitu.

Nina gitaa la umeme aina ya Strat (Stratocaster ya kampuni ya Fender ya Marekani). Si Fender yenyewe, ni kopi ya Indonesia niliyoinunua mkononi kwa mtu miaka tisa iliyopita. Limepiga harusi, kipaimara, na mwaka mzima wa Ijumaa kwenye baa moja ambayo mpaka leo nawadai. Sasa freti, vile vyuma vinavyokata shingo, zimeliwa, hasa kuanzia ya tano mpaka ya tisa kwenye nyuzi nyembamba. Wapiga sebene mnaelewa, pale ndipo mtu anaposhinda usiku kucha. Halafu ubao wenyewe umepasuka ufa mwembamba kutoka kwenye nati, pale nyuzi zinapoingilia shingo upande wa kichwa, hadi freti ya tatu.

Nikisema ubao nina maana ile mbao ya juu ya shingo tunayobonyezea nyuzi, wengine mnaiita fretibodi.

Njia ziko mbili. Mpwa wangu anakuja Desemba kutoka Uingereza na amesema anaweza kuniletea shingo mpya kamili, nichague ubao wa mti wa mepli au wa rozwudi. Njia ya pili ni fundi wangu wa Temeke, ambaye ni seremala wa samani kwanza na magitaa baadaye. Yeye anasema ataubandua ubao wa zamani abandike mwingine, na tayari ana kipande cha mpingo kimelala darini kwake mwaka wa 11 sasa.

Napiga solo la pili na wakati mwingine ridhim. Naishi Dar, jasho siyo la kuuliza. Sauti ya ubao upi itanifaa?

---

Kijana wa Likoni

Mepli, bila kufikiri mara mbili. Mepli inalia kama kengele, rozwudi inalia kama mtu aliyefunikwa shuka. Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani, pale tamasha la Woodstock mwaka 1969 alishika Strat nyeupe ya ubao wa mepli, na ile sauti mwaijua. Mpingo waachie wachonga vinyago na watengeneza zumari.

---

Dada wa Ridhim

Kijana, Hendrix alipiga pia za rozwudi na bado alikuwa Hendrix.

SoloLaPili, swali lako limekaa upande. Unauliza sauti wakati umetaja jasho, freti zilizoliwa na ubao uliopasuka. Hayo matatu ndiyo ugonjwa wako. Sauti ilikulalamikia wapi?

---

SoloLaPili

Dada umenibana. Kweli sauti sikuwahi kuilalamikia. Ila nikisoma mtandaoni kila mtu anaanza na sauti, nikaona na mimi nianzie hapo.

---

Mwalimu wa Fizikia

Niingie kidogo, ingawa mimi ni mpigaji wa sebuleni tu.

Kwenye gitaa lenye freti, ukibonyeza noti uzi hauishii kwenye ubao. Unaishia kwenye freti, na freti ni chuma. Madini yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Huitwa nikeli-fedha lakini fedha hamna hata chembe. Upande wa pili uzi umelala kwenye daraja, ambalo nalo ni chuma. Na pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, inasoma mtikisiko wa uzi wa chuma juu yake. Mbao haiisomi.

Kwa hiyo ubao unaingia kwenye sauti kwa mlango wa uani. Unaongeza ugumu na uzito wa shingo, na shingo ngumu hainyonyi mtikisiko wa uzi sawasawa na shingo laini. Jambo hilo lipo na linapimika. Lakini liweke kwenye mzani pamoja na pikapu, amplifaya, unene wa nyuzi na mkono wa kulia, utaona linavyobaki dogo.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio walilofanya na wapigaji 52. Waliwapa magitaa 6 ya akustika yaliyofanana isipokuwa mbao za mgongo na ubavu, wakawaweka kwenye chumba cha giza na miwani ya kuchomelea vyuma machoni ili wasione walichoshika. Magitaa ya mbao ghali na ya mbao rahisi yalipata alama zinazokaribiana. Najua lile ni jaribio la mgongo, si la ubao wa freti, na ni akustika, si la umeme. Nalitaja kwa sababu ya ile miwani. Mtu akitolewa macho, masikio yake huanza kuwa na adabu.

---

Kijana wa Likoni

Mwalimu, miye nasikia tofauti. Wallahi nasikia.

---

Mwalimu wa Fizikia

Sikatai kwamba unasikia. Lakini ulipokuwa ukisikia, magitaa yote mawili yalikuwa na pikapu zilezile, nyuzi za siku ileile, na kimo kilekile cha nyuzi? Kama sivyo, umesikia magitaa mawili, hujasikia mbao mbili.

---

Besi Nzito

Hapa nawaunga mkono wote wawili, kwa sababu kuna mahali ubao unasema kweli: besi isiyo na freti. Pale uzi unagusa mbao yenyewe, na nyuzi za besi zenye kuzungushiwa waya zinaila kama msasa. Ndiyo maana Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, aliipaka besi yake epoksi ya kupakia maboti juu ya rozwudi. Mkisikia ile sauti yake ya kuimba, mnasikia plastiki ngumu.

Besi yangu ina ubao wa mti wa wenge kutoka upande wa Kongo na Kameruni. Watengeneza besi Warwick wa Ujerumani waliutumia sana. Nilichogundua ni kwamba vinyweleo vyake ni vikubwa, unahisi mistari chini ya kidole. Kuna rafiki yangu hawezi kabisa kuishika, anasema ni kama kusugua mkeka. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo.

Na suala la shingo kunyonya noti ni kweli. Besi nyingi za mtindo wa Fender zina noti mfu kwenye uzi wa sol, freti ya 5 mpaka ya 7 hivi. Unapiga, noti inakufa kabla hujageuka. Nimeishi nayo miaka.

---

Mzee wa Randa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimechelewa, nilikuwa na kitanda cha watu.

Nianze na jina, kwa sababu hapo ndipo wengi mnapotea. Kamusi zinatafsiri mpingo kwa neno lilelile ambalo Wazungu wanatumia kwa mbao nyeusi ya piano na ya gitaa la Les Paul Custom la Gibson, eboni. Si mti mmoja. Eboni ni jamii ya Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, na rozwudi ya India ni Dalbergia latifolia. Sikieni majina: Dalbergia na Dalbergia. Mpingo wetu ni rozwudi kwa ukoo. Ni ndugu mweusi na mgumu kuliko wenzake wote, lakini baba ni mmoja. Kwa hiyo swali la "rozwudi au mpingo" ni kama kuuliza nioe kwa mkubwa au kwa mdogo, nyumba ni ileile.

Tofauti yao ni uzito na ugumu. Mita moja ya ujazo ya mepli ngumu ina kilo kama 700. Rozwudi ya India kama 830. Mpingo unapita 1,200, ndiyo maana ukiutupa mtoni unazama. Sasa piga hesabu ya ubao wa gitaa: urefu sentimita 48, upana wastani 5, unene nusu sentimita. Mepli inatoka gramu kama 85, rozwudi 100, mpingo 150. Ukitoka mepli kwenda mpingo, tofauti hiyo ndiyo uzito unaoongeza kwenye shingo, kama yai moja la kuku. Kwenye Strat hutausikia sana. Kwenye gitaa lenye kiwiliwili chepesi, kichwa kitaanza kukuinamia.

Halafu historia, maana watu wanadhani hizi mbao zilichaguliwa na malaika wa sauti. Leo Fender alipoanza mwaka 1950, shingo ilikuwa mepli kipande kimoja, freti zimepigwa humohumo. Chuma cha kunyoosha shingo aliingiza kwa nyuma, ndiyo maana mnaona ule mstari mweusi mgongoni, ni ukanda wa mbao nyingine wa kuziba mfereji. Rozwudi aliileta 1958 kwenye gitaa lake la Jazzmaster, na 1959 ikaingia kwenye Strat na mwenzake Telecaster. Sababu moja inayotajwa sana ni kwamba mepli ikichubuka vanishi ilionekana chafu, alama za kijivu kila kidole kinapokaa. Gibson, kampuni shindani, Les Paul ya 1952 waliiwekea rozwudi, na Custom ya 1954 wakaiwekea eboni kwa sababu ilikuwa gitaa la suti. Kwa kiasi kikubwa hiyo ni biashara na mwonekano.

Na siku hizi mbao inachaguliwa na sheria. Rozwudi ya Brazili ilifungiwa biashara ya kimataifa mwaka 1992. Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia ikawekwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mpingo wetu ndani yake, kila mzigo wa biashara unaovuka mpaka ukahitaji kibali. Mwaka huohuo Fender wakahamisha magitaa yao ya Meksiko kutoka rozwudi kwenda pau ferro, mti wa Amerika Kusini ambao si Dalbergia. Wapigaji wengi walilalamika rangi yake, wachache sana sauti. Hilo linasema kitu.

---

Dada wa Ridhim

Marahaba mzee. Mpwa wa SoloLaPili akija na shingo ya rozwudi uwanja wa ndege, hawatamsumbua?

---

Mzee wa Randa

Hapana mama. Tangu mwisho wa Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, na sehemu zake zilizokamilika, ziliondolewa kwenye masharti yale, isipokuwa ile rozwudi ya Brazili. Kinachobaki na kibali ni magogo, mbao na vipande ghafi. Kwa hiyo kipande changu cha mpingo nikikupa umpelekee mtu Ulaya, una kesi. Kikishakuwa shingo ya gitaa unasafiri nayo. Ila sheria ya nchi unayokwenda iangalie pia. Gibson wenyewe walipekuliwa na serikali ya Marekani 2009 na 2011 kwa ajili ya mbao za ubao wa freti kutoka Madagaska na India, na 2012 wakakubali kulipa dola 300,000. Kampuni yenye mawakili.

---

Dada wa Ridhim

Nashukuru. Sasa niseme ya mkononi, maana nyote mmekaa kwenye maabara na mahakamani.

Nilianza na mepli yenye vanishi ya kung'aa nikiwa Tanga. Machi, joto lile, vidole vinanata kama unapiga juu ya ganda la pipi. Wengine wanaipenda, wanasema inateleza. Kwangu iliteleza dakika kumi za kwanza, jasho likija basi. Zipo mepli za kumaliziwa kwa vanishi isiyong'aa, hizo afadhali. Uzuri wa mepli ni usafi wake: unapangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, umemaliza, haihitaji mafuta.

Rozwudi haipakwi vanishi, unashika mti wenyewe. Jasho linanyonywa kidogo na mkono hauteleziki wala haunati. Gharama yake ni kwamba inakusanya uchafu mweusi kando ya freti, na mara mbili tatu kwa mwaka unahitaji kuisafisha na kuipaka mafuta kidogo sana ya kufaa mbao. Naomba sana: si mafuta ya nazi, si ya kula. Kwaya yetu kulikuwa na kaka anapaka nazi kila Jumamosi, ubao ukanuka kama chapati ya juzi.

Tena kuna hili la kuhama. Nilitoka Tanga nikahamia Dodoma. Miezi miwili tu, ncha za freti zikaanza kuchomoza pembeni, napanda juu shingo inanikwaruza kiganja. Mbao imekauka na kusinyaa, chuma hakisinyai. Hili linampata kila ubao, uwe wa bei gani. Fundi alisugua zile ncha kwa tupa, nikawa sawa.

---

SoloLaPili

Nimecheka hapo kwenye chapati. Rafiki yangu naye alinunua shingo dukani, imeandikwa rozwudi. Kuipangusa na mafuta, kitambaa kikatoka cheusi kama kiwi ya viatu. Ilikuwa mbao hafifu iliyopakwa rangi. Alirudi dukani wakamwambia "hiyo ndiyo rozwudi ya kisasa".

Mzee wa Randa, nieleze ukweli: kubandika mpingo kuna hatari gani? Fundi wangu ananiambia "hamna shida" na neno hilo ndilo linaloniogopesha.

---

Mzee wa Randa

Afadhali umeuliza. Zipo, nazo si ndogo.

Kwanza kukauka. Mpingo unakauka polepole sana na unapenda kupasuka kuanzia kwenye ncha. Miaka 11 darini ni dalili nzuri, lakini usimwamini mtu, amini mizani. Mwambie akate kipande kwa kipimo cha ubao, unene uzidi kidogo, kisha mkipime kwa gramu kila wiki. Kikishakaa wiki tatu nne uzito hausogei, kimekubali hewa ya Dar. Kikiendelea kupungua, bado kinatoa maji na ukikibandika leo kitapinda shingo kesho.

Pili, kipande chenyewe. Mpingo haunyooki kama msaji. Shina lina mikunjo na mashimo, ndiyo maana watu wa klarineti wanaupenda, wao wanahitaji vipande vifupi. Wewe unahitaji karibu nusu mita iliyonyooka, nyuzi za mbao zikienda sambamba na shingo. Angalia ubavuni: mistari ikikata mshazari, kataa. Na ile mbao nyeupe ya pembeni ya gogo isiingie.

Tatu, gundi. Mpingo una mafuta yake ndani. Auparuze, aupanguse na asetoni, abandike muda huohuo kabla mafuta hayajarudi juu. Akikuambia ataupaka gundi nyeupe ya vitanda bila kuupangusa, chukua gitaa lako.

Nne, freti. Hapa ndipo maseremala wazuri wanapoharibu. Mfereji wa freti ni kama milimita 0.6. Kwenye mepli au rozwudi mbao inakubali kidogo ukigonga freti. Mpingo haukubali. Mfereji ukiwa mwembamba kuliko jino la freti, kila freti inakuwa kabari, na ukigonga kabari 21 mfululizo shingo inapinda kinyumenyume. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kwenye kazi yangu mwenyewe, miaka ya mwanzo. Nilizing'oa zote.

Vipimo vya mahali pa freti asikisie wala asinakili kutoka ubao wa zamani uliopasuka. Strat yako urefu wa uzi ni milimita 648. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.4: hiyo ni freti ya kwanza kutoka kwenye nati. Chukua kilichobaki, ugawe tena kwa 17.817, ya pili. Hivyohivyo mpaka mwisho. Ya 12 lazima iangukie 324 kamili, ikikosa rudi mwanzo.

Tano, avae barakoa. Vumbi la jamii hii linawasha ngozi na kifua.

Akivuka hayo yote, atakupa ubao ambao wewe na mwanao hamtaumaliza.

---

Besi Nzito

Mzee na weusi je? Wengine wanataka mweusi tititi.

---

Mzee wa Randa

Waache. Mpingo wenyewe mara nyingi ni kahawia iliyoiva au zambarau iliyokolea, una mistari. Kule Kameruni, watengeneza magitaa Taylor wa Marekani waliingia kwenye kiwanda cha eboni mwaka 2011 wakakuta miti mingi inakatwa na kuachwa porini kwa sababu moyo wake una mabaka ya kahawia, soko linataka nyeusi tupu. Wakaanza kuinunua yenye mabaka na kuiweka kwenye magitaa yao bila aibu. Mti wa mpingo unachukua miaka 70 mpaka 100 kufikia kuvunwa. Ukimkatia mtu shauri la rangi juu ya hiyo, sijui.

---

Kijana wa Likoni

Na shingo ya kutoka Uingereza? Mwaijadili mpingo tu.

---

Mzee wa Randa

Ni njia ya mkato na si mbaya. Ila kopi nyingi za bei nafuu hazifuati vipimo vya Fender. Kabla mpwa hajalipa, SoloLaPili afungue shingo apime upana wa kisigino, ile ncha ya shingo inayoingia kwenye kiwiliwili: Fender ni karibu milimita 56. Apime kina cha mfuko wake, lile shimo la kiwiliwili kinamokaa kisigino, na ahesabu freti, 21 au 22. Matundu ya skrubu hayatalingana, atayaziba na kutoboa mapya, hilo dogo. Na shingo mpya huwa haijasawazishwa freti. Fundi utamlipa bado.

Mepli ina jambo moja zaidi. Siku freti zikiisha tena, na kwa sebene zitaisha, kubadilisha freti kwenye mepli yenye vanishi ni kubadilisha na vanishi. Kwenye rozwudi au mpingo unang'oa, unaparuza, unagonga.

---

SoloLaPili

Nimepima. Kisigino changu ni milimita 54. Kwa hiyo shingo ya Uingereza isingeingia kwenye mfuko, kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto.

Nimekwenda kwa fundi na simu yangu, nikamsomea hii ya gundi na ya freti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo mzee anakaa wapi?" Asetoni anayo. Msumeno wa 0.6 hana, wake ni wa milimita moja. Kwa hiyo mpwa badala ya shingo ataleta msumeno na freti seti mbili. Mpingo tumekata jana, mistari imenyooka, tumeupima kwenye mizani ya dukani kwa jirani: gramu 312 kabla ya kuparuzwa. Jumatatu ijayo tunapima tena.

Swali la mwisho. Vidoti vya alama, vya kuonyesha uko freti ya ngapi, niweke nini? Fundi ana mfupa wa ng'ombe, na mama mkwe amejitolea vifungo vya lulu vya blauzi yake ya zamani.

---

Dada wa Ridhim

Vya mama mkwe weka freti ya 12, upate amani nyumbani. Ila usisahau vya ubavuni, na viwe vyeupe na vikubwa. Ubao mweusi, taa za ukumbini zikizimwa, vya mbele huvioni.

---

SoloLaPili

Jumatatu: gramu 311.